Taa Nyekundu kwa Mama Sista

Benchi langu liko Makambako, pale malori ya Zambia yanapopunguza mwendo kuingia njia panda, mbele ya gesti ya Vestina. Mimi ni Cresensia, muuza kahawa, na nasema benchi ni langu kwa sababu mimi ndiye ninayelifuta umande kila asubuhi huku wenye kulikalia wakipuliza vidole. Wako watatu. Hezekia tunamwita Injinia, ingawa alichowahi kutengeneza ni redio za watu, na nyingine hazijarudi kwa wenyewe mpaka leo. Odilo ni Reli, maana alistaafia stesheni. Shedrack ni Mbao, kwa biashara yake na kwa kichwa chake. Nimewamiminia kahawa miaka mingi na sijawahi kumsikia hata mmoja akisema hajui.

Asubuhi hiyo Vestina alitoka ndani kashikilia khanga kifuani, na uso wake ukanifanya niweke birika chini. Kiboksi cha faiba alichofungiwa juzi kilikuwa kinapepesa taa nyekundu. Mtandao hakuna. Na siku yenyewe ilikuwa ndiyo hiyo: binti yake Juliana, ambaye ni mtawa, alikuwa anaweka nadhiri za daima huko Italia alasiri, na misa ingeonyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Kwa ajili ya Juliana ndiyo Vestina tunamwita Mama Sista.

Msidhani ni jambo dogo. Juliana alipoweka nadhiri za kwanza, huko huko Italia, mama yake aliangalia kwa ile ruta ndogo ya laini ya simu. Picha ikaganda mtoto kafungua mdomo. Ilipozinduka watu walikuwa wanakata keki. Neno lenyewe hakulisikia, na alilia wiki nzima mimi nikiona. Ndiyo maana Injinia aliposhauri avute faiba, alikubali palepale, na Injinia akaapa hapa hapa kwenye benchi kwamba safari hii Mama Sista atamwona binti yake mpaka kope.

Fundi alipigiwa simu. Alikuwa Njombe mjini, Mjimwema, anaunganisha nyumba za watu, akasema atafika kesho. Kesho misa ingekuwa imekwisha. Mama Sista akakaa kwenye benchi, kitu ambacho hakifanyi kamwe, na wataalamu wangu wakaanza kazi.

— Hiyo ni baridi tu, alisema Injinia, ananyoosha kikombe niongeze. Faiba inabeba mwanga. Na mwanga wa hapa kwetu asubuhi mnaujua, unachelewa kuamka. Lichomoze jua kidogo, kitawaka chenyewe.

— Njombe kuna baridi kuliko hapa na inafanya kazi, alisema Mbao.

— Kule umeshazoea.

Reli alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikiliza watoto. Kwake yeye kosa lilikuwa la treni.

— Alfajiri imepita treni ya mizigo, ndefu. Ardhi ikitikisika, mwanga unamwagika. Sisi stesheni tulikuwa tunaona vikombe vinahama mezani vyenyewe.

— Waya uko hewani, Reli. Umepita juu ya nguzo.

— Na nguzo imesimama wapi? Mawinguni?

Hapo Mbao akapata nafasi yake. Alitueleza kwa kirefu kwamba ile nguzo ni mlingoti, yaani mkaratusi, uliokatwa mbichi, yeye ubichi anaujua kwa kunusa, na kwamba mti mbichi una kiu: unakunywa maji, unakunywa umeme, sembuse mwanga. Akasema nguzo ingeachwa ikauke mpaka masika ndipo waya upandishwe. Injinia hakukubali kushindwa na mti. Akaja na jingine, kubwa zaidi.

— Tuko juu sana hapa. Mwanga wetu wote umefuata mteremko, umeshukia bondeni, Usangu. Saa hizi watu wa kule wanaangalia sinema na hawajui imetoka wapi.

Nilimwambia anywe kahawa yake kabla nayo haijafuata mteremko. Mama Sista hakucheka. Akauliza taratibu kama waya haujakatika mahali.

— Waya siyo tatizo, mama, alisema Injinia. Ule nimeupima kwa mikono yangu mwenyewe. Mgumu. Unabeba hata mzigo.

Mama Sista aliwatazama mmoja mmoja.

— Mimi sihitaji kujua mwanga umeenda wapi. Nataka kumsikia mwanangu akitamka. Mara ya kwanza nilimkosa. Hii ni ya daima, hakuna nyingine.

Nilimwonea huruma, na kwa muda kidogo niliwachukia wote watatu, pamoja na kahawa niliyowapa. Ile ruta ya zamani ilikuwepo bado kabatini, lakini ndiyo ile ile iliyomgandisha mtoto. Mama Sista aliinuka kwenda kuitafuta.

Wakati huo ndipo Rebeka akatokea. Ni mdogo wake Mama Sista, mkulima wa Mdandu, amekuja kumwona mtoto wa dada yake akiolewa na Yesu, na hakuja mikono mitupu: kiroba cha viazi kichwani, kuku kwapani.

— Kamwene, alisema.

— Kamwene, tukaitikia.

Akatua kiroba, akapokea kahawa, akawa anapoza huku akitazama juu, kwenye ukingo wa paa la gesti. Macho yake yakafurahi.

— Mbegu nzuri ile. Nani kayatundika yale mahindi? Nataka nimwombe kidogo nikapande.

Tuligeuka wote. Chini ya paa, kutoka kona ya nyumba mpaka dirisha la mapokezi, yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Huku kwetu ni kawaida. Unachagua yaliyo bora, unayafunga, yanapigwa jua nje kabla hujayapandisha juu ya moshi wa jikoni. Na pale kwenye ukingo, miaka nenda rudi, palikuwa na waya mfu wa simu ya mezani uliokuwa kamba ya mbegu ya mtaa mzima. Fundi wa faiba aliuondoa juzi, akapitisha wake kwenye misumari ileile. Sasa ule waya mpya, mwembamba na mweusi, ulikuwa umelemewa mpaka ukafanya tumbo, na kwenye msumari wa kona umekunjika kama goti.

Reli aliangalia stesheni. Mbao aliangalia ndani ya kikombe. Mimi nilimwangalia Injinia, ambaye jana yake alishinda akitusifia mbegu ya shamba lake.

— Hayana mwenyewe? aliuliza Rebeka.

Injinia aliinuka. Alichukua stuli yangu, mimi nikiwa nimeikalia, akapanda, akaanza kuyatungua mawili mawili, taratibu, kama anayevua nguo za mtoto aliyelala. Yalipokwisha, akaunyoosha ule waya kwenye msumari kwa kidole kimoja. Tukangoja. Kisha sauti ya Mama Sista ikatoka ndani.

— Ya kijani.

Alasiri benchi lilihamia mapokezi. Juliana alipiga magoti, akafungua mdomo, na mimi nikaacha kupumua. Neno likatoka. Likatoka lote mpaka mwisho, kwa sauti yake ileile ya kukwaruza ya baridi ya huku. Mama Sista akaijibu runinga, "Ndiyo, mwanangu," na sote tukalia, hata Mbao.

— Si niliwaambia? alisema Injinia toka mlangoni, mahindi yamemjaa kifuani. Mpaka kope.

Rebeka alijifuta macho, akamgeukia.

— Sasa hayo mahindi. Ni ya nani?

Injinia aliitazama taa ya kijani, akamtazama Mama Sista.

— Ni yako, mama, alimwambia Rebeka. Chukua yote.