Mchungaji Penseli, Baba Yetu (1947–2025)

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi seremala na mshona nguo. Nyumbani kwao kulikuwa na vitabu viwili tu, Biblia na kitabu cha nyimbo. Alijua kusoma kabla hajaanza shule, na mdogo wake wa kike anasema alisoma hata maandishi ya pakiti za misumari, kwa sauti, bila kuombwa na mtu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1955 hadi 1962, kisha sekondari miaka minne. Mwaka 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kazi yake ikiwa kutafuta makosa kwenye kurasa kabla hazijachapwa. Huko ndiko penseli ilikopanda sikioni, isishuke tena. Alisoma chuo cha Biblia kuanzia 1971 hadi 1973, na Januari 1974 akakabidhiwa usharika wake wa kwanza. Watoto wa Shule ya Jumapili wakamwita Mchungaji Penseli, naye akaitika. Alihudumu katika sharika tatu mpaka alipostaafu mwaka 2009. Alipokwenda kuona wagonjwa hakuwachosha kwa maswali; aliketi, akafungua kitabu, akawasomea.

Jumamosi tarehe 9 Desemba 1972 alifunga ndoa na mkunga wa zahanati, mama yetu, wakajaliwa watoto wanne. Kila Jumamosi alimsomea mama mahubiri ya kesho yake huku mama akipiga pasi. Mama akisinzia, karatasi zilirudi mezani kuandikwa upya. Wiki hii mama amekiri kwamba mara nyingi alisinzia kwa uchovu wa zamu, mahubiri hayakuwa na kosa, ila hakuona haja ya kusema.

Marehemu hakupenda wasifu unaomgeuza mtu malaika. Kwa hiyo, kwa idhini ya dada yetu mkubwa, tunaeleza na hili. Mwezi Mei 1994 dada alikuwa na miaka kumi na sita. Wakirudi nyumbani kutoka mazoezi ya kwaya, alimweleza baba kwamba wakati wa sala hufumba macho tu, hana la kumwambia Mungu. Jumamosi hiyo mama alikuwa zamu, hivyo mahubiri hayakusomwa nyumbani. Jumapili tarehe 15, baba alisema madhabahuni kwamba hata nyumbani kwake yupo anayefumba macho tu. Kanisa zima likageukia benchi letu.

Alipoona dada hagusi chakula mezani, alielewa kosa lake. Jumapili iliyofuata alisimama palepale akamwomba binti yake msamaha mbele ya washarika. Mama alimsubiri mpaka walipofika nyumbani, akamwambia, "Baba watoto, sasa umemwanika mara ya pili."

Tangu siku hiyo hakumtaja mtu katika mahubiri bila kumwomba ruhusa kwanza. Muuza nyama wa mtaani, alipoombwa, alimjibu, "Sema tu, Mchungaji, ila mizani yangu usiiguse." Lakini dada hakurudi kumwamini. Alimwamkia kwa heshima, akamsaidia kwa kila alichohitaji, ila la moyoni hakumwambia tena kwa karibu miaka thelathini. Marehemu hakulalamika. Alisema tu kwamba mlango aliufunga yeye, na ufunguo anao mwingine.

Mwaka 2021 kisukari kilimpofusha. Dada, ambaye ni mkutubi wa shule, alianza kuja kila Jumamosi kumsomea: Biblia kwanza, kisha magazeti, kisha chochote alichotaka. Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, katikati ya sura, alifunga kitabu akasema, "Baba, siku hizi naomba. Si kila siku, lakini naomba."

Marehemu akauliza, "Mama yako naweza kumwambia?"

"Bado, Baba."

"Haya. Endelea kusoma."

Aprili mwaka huu figo zake zilishindwa. Alilazwa hospitali tarehe 19 Mei, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, alifariki dunia, mama na dada wakiwa wamemshika mikono.

Ameacha mjane, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu tisa, kitukuu mmoja na wadogo zake wawili wa kike.

Juzi, wakikunja nguo zake, dada ndipo alipomwambia mama habari ya sala zake. Mama hakuwa amesikia hata neno. Kwa miezi kumi na minne na siku ishirini na tano marehemu alilala kitanda kimoja, hadi alipolazwa, na mtu ambaye angefurahi kuliko wote, na habari njema kuliko zote alizowahi kupewa akaitunza kimya, kwa sababu mwenye habari alisema bado.

Bwana ampokee mtumishi wake, ampumzishe kwa amani.