Glafira Zakharovna, Mchomeleaji Asiyekaa Kitako

Baada ya miaka ishirini na mitano ya kuchomelea vyuma, Glafira Zakharovna Pestova anastaafu tarehe 30 Aprili 1967. Sisi wa karakana ya pili tunamwita Shangazi Glasha, na hatujawahi kumwona akimaliza chai ameketi.

Alifika hapa Urali mwaka 1942, wakati wa vita, pamoja na mdogo wake, Prokhor, kwa treni iliyoleta mashine za kiwanda kilichohamishwa. Kazi ilikuwa ya haraka: kupachika mzinga mzito juu ya kifaru, ujiendeshe wenyewe hadi mstari wa mbele. Tulikivua kifaru kichwa chake kinachozunguka, tukakijengea kibanda cha chuma kinene. Siku ya majaribio moshi wa mzinga ulijaa ndani, wapiga mzinga wakatoka wakikohoa, macho mekundu. Prokhor, aliyepangiwa kupakia makombora, akamtania: "Dada, umetujengea bafu la mvuke, ila dirisha umesahau."

Glasha hakucheka. Alimwandama mhandisi Saltanov kutwa nzima: "Venyamin Lukich, weka feni darini. Humo anaingia mdogo wangu." Feni ikawekwa. Saltanov hudai alikuwa ameshaichora. Tunamheshimu, lakini tulikuwepo.

Desturi yetu ilikuwa askari kusaidia kuunda mashine watakayoondoka nayo. Prokhor alimshikia dada yake mabamba, naye Glasha akachora kwa moto wake wa kuchomelea jani dogo kando ya kiti cha mpakiaji. Mkaguzi alinuna, akapita. Mashine ikaenda vitani. Prokhor hakurudi, na hakuna aliyejua alikoangukia.

Vita vilipokwisha, mizinga iliyovunjika ilianza kuletwa kwenye tanuri letu iyeyushwe. Kila behewa likiingia, Shangazi Glasha huacha supu yake mezani na kwenda kuchungulia kwa tochi. Tulimtania kwamba anakagua urithi wa baba yake. Tulipojua anatafuta jani, tuliona haya.

Amepata medali, amefundisha nusu ya karakana hii, na amegombana na nusu nyingine. Chama cha wafanyakazi kimemnunulia samovari, birika kubwa la kuchemshia chai. Alishukuru, kisha akauliza: "Na uwanja wa vyuma chakavu, mtaniruhusu kuingia?"

Ruhusa ipo, Shangazi. Watu wa tanuri wameahidi kutoyeyusha bamba lolote la vita kabla hujalitazama. Asante kwa mikono yako. Tunakuombea afya na miaka mingi yenye utulivu. Utulivu ukikushinda, njoo, tochi yako tumeitia betri mpya.