Ulikuwa Unaangalia Wapi?

Wapendwa wa shirika, mama zangu, papa zangu, asante kwa kuacha kazi zenu na kuja kukaa hapa. Kiongozi wetu aliniambia: simama useme, dakika kumi tu. Mimi nimezoea kuketi na kukanyaga pedali, kusimama mbele ya watu siwezi vizuri. Donc mukiona natetemeka, musiseme Roho Mutakatifu amenishukia. Ni magoti. Na sitataja jina ya mutu. Anayejitambua acheke polepole.

Munanijua, mimi nilikuwa toleka. Miaka mitano nilibeba watu nyuma ya kinga yangu, ile baiskeli nyeusi, kutoka Makiso mupaka hapa Kabondo. Nilibeba walimu, wagonjwa, mama na kuku zao. Siku moja nilibeba bibi arusi, gauni yake ikaingia mu munyororo, akafika kanisani na mafuta mupaka magoti. Bwana arusi aliniangalia vibaya, lakini tulifika.

Bon. Kisha mabombu. Zile siku sitazieleza, kila mutu hapa alikuwa chini ya kitanda yake mwenyewe. Nawaambia tu hii: miguu yangu ilitoka chini ya kitanda, tumbo ilitoka kwa sababu ya njaa, lakini masikio ilibaki kule.

Mambo ilipotulia kidogo, nikarudi ku kazi. Asubuhi moja nilibeba mama mumoja kutoka soko, na mufuko ya unga ku mapaja yake. Tunashuka mutelemuko, kinga inakimbia yenyewe, tunaongea habari ya mvua. Pa! Gurudumu ya camion ya mizigo ilipasuka huko mbali. Gurudumu tu. Ndugu zangu, niliruka. Niliachilia usukani, nikajitupa mu mufereji, nikafunika kichwa na mikono miwili. Na kinga? Kinga iliendelea na safari yake, mama nyuma, dereva hakuna.

Mucheke, mucheke. Hata mimi leo nacheka. Ile siku hakuna aliyecheka, maana mama aligonga ukuta na mukono wake wa kuume ukavunjika. Nilitoka mu mufereji na matope mu masikio, nikangoja anitukane. Nilitaka anitukane. Yeye aliniangalia tu, unga umemufunika uso muzima, akaniuliza: "Papa, ulikuwa unaangalia wapi?"

Nilimupandisha tena, nikasukuma kinga kwa miguu mupaka ku centre de santé. Yeye analia, mimi nalia, watu wa njiani wanafikiri tumefiwa.

Nikatundika kinga ku ukuta. Ule mama anauzaka mikate ya kukaanga ku kona moja, pale njia ine inakutana. Ili nisimuone, nilikuwa nazunguka avenue mbili, hata mu mvua. Bibi yangu wa ndoa akaniambia: "Mwanaume muzima, unakimbia mutu wa mukono mumoja?" Nilimukimbia, ndiyo. Aibu ilinikamata vibaya sana.

Alors, siku moja infirmier, ule aliyefunga mukono ya mama, akaniita. Centre ilikuwa imepata jeep ya zamani ya kubeba mama wa kuzaa. Munajua walikuwa wanafika namna gani: ku kinga, ku kigari cha kusukumwa, wengine hawafiki. Alitafuta mutu anayejua kila shimo ya huu muji. Nikamwambia: "Docta, mimi niliruka kinga, unanipa mutuka?" Akajibu: "Mutuka iko na mulango. Mbele ya kumaliza kuufungua, utakuwa umefikiri." Lakini permis ya kuendesha kwanza. Alisema ataningojea mutihani mbili, si zaidi, maana mama wa kuzaa hawangojake.

Nikaenda kusoma. Moniteur wetu alikuwa papa muzee, miwani yake imefungwa na waya. Mutuka yake ya kufundishia ilikuwa juu ya matofali, essence ya kuitembeza ilikosa tangu zamani. Alama za barabarani nilizijua haraka. Kikatokea kipande kingine cha mutihani: kuona hatari mbele ya kufika kwake. Moniteur alikuwa na picha ku makarto, amezichora mwenyewe na rangi. Anakuonyesha moja, anahesabu mupaka kumi, anaificha, anauliza: "Hatari iko wapi?"

Picha yangu ya kwanza: barabara, na katikati polisi wa barabarani ameinua mukono. Nikajibu bila kusita: "Hatari ni ule wa uniforme. Nitageuka polepole, sitamuangalia mu macho, nitapita njia ya nyuma ya kanisa."

Wanafunzi wenzangu walicheka mupaka mumoja akaanguka ku benchi. Moniteur hakucheka. Akaniuliza: "Na ile camion?" Nikasema: camion gani? Akageuza karto. Camion, ndugu zangu! Nyekundu, imesimama kando ya barabara, imejaza nusu ya picha. Na chini yake, kati ya magurudumu, miguu miwili ndani ya sapato: mutu iko nyuma, anataka kuvuka. Sikuona miguu. Sikuona camion. Niliona kofia na mukono.

Akaniuliza sasa, kwa upole: "Papa, ulikuwa unaangalia wapi?" Maneno yale yale ya mama!

Na pale ndiyo kitu kilinishika, si woga, ni hamu ya kujua. Macho mbili nzima, nuru ya muchana, na camion nyekundu inapotea. Imeenda wapi? Nilienda nyumbani nawaza hii. Niliweka bibi yangu mbele ya dirisha, nikamuuliza: umeona nini kwanza? Akasema: "Nguo ya jirani haijakauka." Nilimuuliza muhubiri, nilimuuliza kinyozi. Kinyozi aliona vichwa tu. Kila mutu iko na kitu chake kinachokula vingine vyote, na mimi changu kilikuwa uniforme na moshi, vitu vya vita.

Mutihani ya kwanza nilianguka. Picha ilikuwa na moshi ya mama anayechoma samaki, inafunika njia. Nikajibu: "Nalala chini." Mukubwa wa mutihani akaniuliza: "Ukilala chini, nani anashika usukani?" Nikatoka nje bila kuaga.

Moniteur akanipa kazi: "Enda kaa ku njia panda. Kila kitu unachoona, jiulize: na kisha? Sema kitakachokuja mbele ya kuja kwake." Vizuri. Lakini wapi? Nilikaa karibu na kizuizi kimoja, nakodoa macho, midomo inacheza. Munajua huu muji na hii vita, mutu anayekaa kuchunguza barabara. Askari mumoja akaja: "Wewe, unatafuta nini hapa?" Nikasema ukweli: "Natafuta hatari." Akasema: "Umeipata." Nilikaa kwao mupaka saa kumi, nikifyeka majani.

Basi ilibaki kona moja tu yenye njia ine na sababu ya kukaa. Ya mama wa mikate. Nilienda na kichwa chini. Mukono yake ilikuwa bado imefungwa, alikuwa anageuza mikate na ule wa kushoto. Akasema: "Leo haukuzunguka?" Kumbe alikuwa ananiona kila siku! Nikamueleza yote, picha, camion, askari. Akacheka, kisha akasogeza kiti.

Ndugu zangu, chuo nilichosoma ni ile kona. Mama alikuwa anajua nani atavuka na nani atasimama kununua. "Usiangalie uso," akaniambia, "uso unadanganyaka. Kisigino kinageuka kwanza." Akanionyesha mbuzi upande huu wa njia: "Umeona nini?" Mbuzi. "Na kisha?" Sikujua. "Mbuzi iko na kamba, kamba iko na mwenyewe. Mwenyewe iko wapi?" Alikuwa upande wa pili, anaongea na rafiki, na kamba imekata barabara yote. Nilishangaa kama mutoto.

Siku ya tatu, pa! Nilijikuta chini ya meza, mukate ndani ya shati, unaunguza. Nikageuza kichwa. Mama pia alikuwa chini ya meza. Tukaangaliana.

"Wewe pia, mama?"

"Mimi pia. Ile siku ulipoachilia usukani, mimi nilifumba macho. Ningefungua, labda ningeweka hata miguu chini."

Nikamuomba musamaha pale pale chini, ule niliokuwa nimebeba miezi yote ile. Akanijibu: "Nimekusamehe, toka, unakanyaga kikapu." Kisha akasema neno lililonigeuza: "Twende tuangalie ilikuwa nini." Tukatoka. Gurudumu ya toleka, imepasuka. Mwenyewe anaikaripia kama bibi yake. Tukasimama kuiangalia mupaka moyo ukashuka.

Toka ile siku ikawa muchezo wetu. Kishindo kikilia, tunashituka, halafu tunaenda kuangalia. Mulango. Pipa. Mara mbili ilikuwa risasi kweli, tukabaki chini, siwafundishi ujinga. Lakini mara nyingi ilikuwa pipa.

Mutihani ya pili, ya mwisho kwangu. Mukubwa akainua karto. Askari na bunduki, katikati kabisa! Macho ikaganda juu yake. Moja, mbili, tatu... Nikajiuliza kwa sauti: na kisha? Macho ikatoka juu ya ule askari kwa nguvu, kama kung'oa musumari. Kushoto, mbuzi. Kulia, mama mumoja amegeuza mugongo. Na kati yao musitari mwembamba kama unywele. "Kamba!" nilipiga kelele. "Kamba iko ku barabara!" Mukubwa akaruka ku kiti. Akasema hata wanafunzi wenye miwani hawakuiona ile kamba, akanipa permis.

Nashukuru infirmier aliyenipa jeep bila kunicheka. Nashukuru moniteur na waya yake. Nashukuru bibi yangu, aliyenitukana kwa wakati wake. Kwenu nyote mulio na masikio chini ya kitanda, nawaambia: woga utafika kwanza, hakuna dawa. Musiuache ukae peke yake. Muuulize, na kisha? Mutoke na mutu mwengine, muende kuangalia.

Na ule mama? Iko hapa, simuonyeshi. Leo nimemuleta mu jeep, na sufuria ya mikate mutakayokula sasa hivi. Njiani, mulango wa nyuma wa camion moja iliyosimama kando ukaanguka, pa! Nilishika usukani, nikapunguza mwendo, nikaangalia kioo, nikaangalia miguu chini ya camion. Vyote vizuri. Nikajisifu, nikageuka anipongeze. Nimekuta mulango wake uko wazi nusu, na ule mukono wa kuume uliovunjika umekamata kishikio, tayari kuruka.

Nikamuuliza: "Mama, ulikuwa unaangalia wapi?"

Akajibu: "Wewe."

Haki yake. Mama, leo tukirudi, shika kishikio tu kama unataka. Mimi nitaangalia barabara, mupaka siku mukono wako utachoka kukishika.