Maisha ya Mama Secilia Silvano, Mpishi wa Wali wa Mlima

Wazee wetu, shikamooni, na ninyi ndugu mliopanda kutoka Mombo na Mnazi, poleni kwa njia. Mimi ni Yunis, mjane wa Nathanaeli, mkwe wa mama huyu tunayemzika, na ukoo umenituma niwasomee maisha yake.

Mama Secilia alizaliwa tarehe 12 Machi 1921 huko Amani, mtoto wa tatu wa mzee Silvano, aliyefanya kazi katika bustani ya miche ya kituo cha utafiti. Jirani yao alikuwa mzee Karto, mtu wa kisiwa cha Java, aliyeletwa na Wajerumani kutunza miche ya kwinini, akabaki, na kila mwaka baada ya mavuno alipika wali wa kwao kwa tui la nazi, manjano na mchaichai, akaushindilia katika jani la mgomba lililozungushwa likachongoka, akaupindua juu ya ungo, ukasimama kama mlima, pembeni akapanga maharage, mayai na mboga. Watoto wa wafanyakazi, Wakristo na Waislamu, walikaa kuuzunguka wakala kwa mikono, lakini hakuna aliyegusa kabla mpishi hajakata kilele na kumpa mtu mmoja, ambaye tangu siku hiyo alihesabiwa kuwa wa nyumba ile. Mama alipewa akiwa na miaka sita, alipoinuka kutoka kuugua surua.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1930 hadi darasa la nne, mwaka 1936 akaajiriwa kupika katika bweni la wasichana, na tarehe 14 Septemba 1940 akafunga ndoa na mzee Fanueli, akaja hapa Kwembago. Walipata watoto watano, wawili walifariki wachanga, wakakua Nathanaeli, Abrahamu na Jenoveva. Mzee Fanueli alifariki mwaka 1962, na mume wangu Nathanaeli alifariki tarehe 8 Februari 1973, kwa ajali ya lori.

Kwa desturi ya ukoo huu, mjane kijana hurudi kwao na watoto hubaki, nami nilikuwa na wawili, wa pili akinyonya. Wazee walikubaliana niondoke baada ya Saba Saba ya mwaka 1974. Siku hiyo kijiji chetu cha ujamaa kilikula pamoja kwenye shamba la maharage, na mama ndiye aliyepika, akausimamisha wali wa mlima kwenye ungo mkubwa, akakata kilele, akanipa mimi. Baba mkubwa Mika, kaka wa mzee Fanueli na mkuu wa ukoo, akamwambia mama, "Shemeji, kilele hicho kina mwenyewe." Mama akajibu, "Mwenyewe ndiye huyu. Kula, mwanangu." Nikala. Mwenyekiti wetu, mzee Mbaraka, akasema, "Mzee Mika, meza mate, kimeshaliwa," watu wakacheka, na baba mkubwa naye akacheka kidogo, akasema basi, nikae muda wote ambao mama yu hai.

Mama alianza kuugua tumbo mwezi Aprili mwaka huu, akalazwa hospitali mara mbili, akarudi nyumbani, akawa anakunywa uji tu. Alifariki Jumanne tarehe 20 Septemba 1977, saa moja asubuhi. Nilimfumba macho, nikaenda kuteka maji, kwa sababu ndoo ilikuwa tupu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, vijana waliombeba kwa machela mpaka barabarani, mama Tatu, jirani yetu, aliyefua mashuka yake kila siku bila kuombwa na kuyarudisha yamekunjwa, na wapishi wenzake wa zamani, waliotuma mchele na barua. Nakushukuru pia wewe, baba mkubwa Mika. Jana wachimba kaburi walitaka kumlaza mama kando ya Nathanaeli, ambapo udongo ni laini, nami nilikuwa nimesimama nimemshika mtoto mkono, ukawaambia, "Sogeeni kule kwenye mawe. Hapa ni pa Yunis." Walichimba kwenye mawe mpaka jioni, na hakuna aliyenung'unika.

Mama, watoto wamekula, wote wako hapa. Pumzika kwa amani.