Hakutia Dole Gumba: Maisha ya Ndugu Polikarpo Fransis, Fundi wa Chang'ombe (1931–1977)

Yamesomwa nyumbani kwake Chang'ombe, Alhamisi tarehe 13 Oktoba 1977, kabla ya mazishi. Karatasi hii imepigwa chapa kwa mashine aliyoitengeneza marehemu mwenyewe.

Baba Padri, wafiwa wenzangu, majirani, mafundi, na ninyi wageni mlioleta shada la maua. Mie ni Eufrazia. Marehemu na mie tumeachiana ziwa. Nimeombwa nifupishe, na nimeombwa nisome kwa upole. La kwanza nitajitahidi. La pili tutaona.

Marehemu Polikarpo alizaliwa tarehe 2 Februari 1931 katika kijiji cha Mwena, karibu na Ndanda, wilaya ya Masasi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Fransis, mchonga vinyago na mipini ya majembe, na mama Mauwa. Baba yetu hakuwa na karatasi wala penseli. Alipotaka kumfundisha kazi mwanawe, alimpa kinyago akishike kidogo, kisha akakifunika kwa kaniki na kumwuliza, "Sikio la kushoto limekatwa wapi? Shingo ina mikunjo mingapi?" Akikosea hapigwi, anakwenda kuchota maji zamu ya dada yake. Nilikuwa nikiomba Mungu akosee. Mungu hakunisikiliza, maji nilichota mwenyewe.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1940 hadi alipomaliza darasa la sita mwaka 1946. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, hata mapadri wakampa kazi ya kuandika vyeti vya ubatizo. Wapo watu Masasi hadi leo wametunza sandukuni vyeti vilivyoandikwa kwa mkono wa Polikarpo. Naomba mlishike hili la mwandiko, nitalirudia.

Alifika Dar es Salaam mwezi Machi 1950, akaajiriwa mfagizi katika Kampuni ya Hollbrand, wauzaji wa mashine za kupiga chapa na mashine za hesabu. Miaka mitatu alifagia huku akitazama. Mwaka wa nne wakampa bisibisi. Tarehe 9 Juni 1956 alifunga ndoa na wifi yangu Margareta, ambaye siku ya posa alisema hataki mwanaume anayetazama vitu bila kusema neno. Tukamwambia ndivyo alivyolelewa. Akasema basi atamfundisha kusema, na alimfundisha. Mungu amewajalia watoto watatu, wa kwanza Gaudens.

Mwaka 1964 marehemu aliacha kazi Hollbrand. Nchi ilikuwa imeshakuwa yetu, akaona na yeye awe wake. Akafungua karakana hapa hapa Chang'ombe, chumba kimoja cha bati. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Vijana mliopo hapa hamjui mambo yalivyokuwa. Shule, zahanati, chama cha ushirika, mahakama ya mwanzo, hata parokia yetu, wote walipiga chapa kwa mashine za Hollbrand. Nyingine hazikuwapo. Ikiharibika, uwapelekee wao. Ukimpelekea fundi mwingine wakajua, hawakuuzii tena hata utepe wa wino. Na huyo fundi mwingine akitaka kipuri, hapati. Mashine umenunua wewe, ipo mezani kwako, lakini mwenyewe bado ni wao. Ebo! Ndiyo biashara gani hiyo?

Malalamiko yakafika serikalini. Tarehe 1 Julai 1970 Kampuni ilitia sahihi makubaliano. Iliahidi kwamba itamwuzia vipuri fundi yeyote. Iliahidi kwamba vitabu vyenye michoro ya mashine zake vitakuwa wazi, fundi yeyote avisome. Na iliahidi kwamba haitamwadhibu mteja aliyepeleka mashine kwingine. Ikaundwa Kamati ya kuisimamia. Kila mwaka Kampuni inaleta fomu, na mwakilishi wa mafundi wa nje akitia sahihi kwamba masharti yametimizwa, usimamizi umekwisha. Mafundi walimchagua Polikarpo kuwa mwakilishi wao. Fomu ililetwa mwaka 1971, ikaletwa kila mwaka hadi 1976, mara sita. Mara sita aliirudisha na neno moja, kwa mwandiko ule ule wa vyeti vya ubatizo: "Bado." Na chini yake jina lake kamili.

Kwa nini bado? Nisikilizeni walivyovifungua hivyo vitabu. Walikileta kitabu kimoja, wakakifunga kwa mnyororo kwenye meza ya ofisi yao mjini. Unasoma Jumatano tu, nusu saa, umesimama. Penseli unaiacha mlangoni kwa askari. Karatasi huingii nayo. Kamati ikiuliza, wanajibu, "Kitabu kiko wazi, waje wasome." Na kweli kilikuwa wazi. Hata mtego wa panya uko wazi.

Mafundi wengine walikwenda mara moja wakarudi wanatukana. Polikarpo alikwenda kila Jumatano. Alichagua ukurasa mmoja, akautazama nusu saa kama alivyotazama vinyago vya baba, halafu akatembea kwa miguu kutoka mjini hadi Chang'ombe bila kumsemesha mtu, asije akaupoteza. Wifi Margareta alikuwa anamngoja na daftari. Polikarpo anafumba macho, anasema, na wifi anachora.

"Subiri, penseli imekatika!"

"Siwezi kusubiri, mama Gaudens, itanitoka!"

Sasa, mzee Mwinshehe, jirani yetu, yule pale mwenye kanzu, hakulijua hilo. Jumatano moja alikaa barazani kwake, akamwona kijana wa Kimasasi anampita bila shikamoo, kanyanyua mkono tu kama askari wa barabarani. Jumatano ya pili vivyo hivyo. Mzee akapanda hasira, akaenda kushtaki kwa balozi wa nyumba kumi: "Huyu mtu wa kusini ana kiburi, hamsalimii mkubwa!" Balozi akawaita wote wawili. Polikarpo akaeleza. Mzee Mwinshehe akasema, "Astaghfirullah, kumbe mwenzangu ana mzigo kichwani." Kuanzia Jumatano iliyofuata mzee alitoka mwenyewe hadi kona, akamtangulia njiani na bakora yake, akiwafukuza watu: "Msimsalimie! Mpisheni! Kabeba ukurasa huyo!" Akishatua ukurasa wake, marehemu alirudi barazani kwa mzee kutoa shikamoo yake ya siku nzima.

Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Ilichukua zaidi ya miaka minne. Daftari zile zikanakiliwa, zikapelekwa Kinondoni, Morogoro, hadi Mtwara, na hakuna fundi aliyenyimwa. Kampuni ilipojua ikamshtaki kwa Kamati kwamba ameiba kitabu. Kamati ikauliza kitabu kiko wapi. Kiko kwenye mnyororo. Basi ameiba nini? Wiki iliyofuata kurasa za mashine mpya zikakatwa kwa wembe. Na vipuri? Uliagiza springi ya herufi, ukangoja miezi minane, ukaletewa ya mashine nyingine. Ukilalamika wanakuonyesha stakabadhi kwamba kipuri kimeuzwa. Polikarpo akawa anachonga vipuri mwenyewe kwa tupa. Macho yake yaliharibikia hapo.

Mwaka 1974 Kampuni ilimtuma Bwana Leonardi, afisa mahusiano wake, amwambie arudi kazini, awe mkuu wa karakana yao. Tulifikiri atakubali, watoto walikuwa wanakua. Alimkaribisha chai, akamwambia, "Kifungueni kitabu mnyororo. Siku hiyo nitakuja mwenyewe kuwasalimia." Bwana Leonardi yupo hapa leo, safu ya pili. Enyi watu, humu wote ni ndugu. Yeye namwita bwana.

Kazi nyingine ya marehemu, ambayo Kampuni haikuijua na ingekuwa heri kama ingeijua, ni elimu ya watu wazima. Kuanzia mwaka 1971, saa kumi alasiri, karakana yake iligeuka darasa. Wapagazi wa viwandani, mama lishe, wazee wa mtaa. Alichukia kitu kimoja duniani, dole gumba kwenye karatasi. Alikuwa akisema, "Dole ni la kushikia nyundo. Mtu anaandika jina lake." Watu arobaini na watatu walitoka mle wanaandika majina yao. Wa kwanza alikuwa mzee Mwinshehe, aliyefurahi hata akaliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yake aliotoka kuupaka chokaa, na mkewe akamnunia wiki nzima. Jina lile bado lipo. Mkitoka hapa mtaliona.

Marehemu alianza kuugua mwezi Machi mwaka huu. Miguu ilivimba, ikaonekana ni figo. Alilazwa tarehe 19 Septemba. Ijumaa tarehe 7 Oktoba alizungumza na mkewe kwa mara ya mwisho, akamwuliza kama Kondo, fundi mwenzake, amemaliza mashine ya shule. Kuanzia Jumamosi tarehe 8 hakumtambua mtu yeyote. Daktari ameandika hivyo kwenye cheti, ninacho hapa. Alifariki Jumanne tarehe 11 Oktoba, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Hapa ndipo nilipoambiwa nisome kwa upole.

Jana jioni tumeletewa shada la maua na barua ya Kampuni. Tumeombwa tuisome kwenye wasifu huu, eti iwe heshima kwa marehemu. Haya, naisoma. "Kampuni inamshukuru marehemu, ambaye Jumapili tarehe 9 Oktoba, akiwa kitandani, alithibitisha kwa dole gumba kwamba Kampuni imetimiza masharti yote ya makubaliano. Mkono wake ulikuwa dhaifu kushika kalamu." Fomu hiyo imeshapelekwa kwa Kamati, inayokaa Jumatatu hii tarehe 17. Ikipokelewa, usimamizi umekwisha, na miaka saba ya Polikarpo imekwisha pamoja nao.

Jumapili ile asubuhi wifi Margareta alitoka wodini saa moja tu, kwenda kumtafutia uji. Aliporudi alikuta machungwa sita kwenye kabati, nesi akamwambia kuna bwana wa kazini kwake amekuja kumpa pole. Wifi akashukuru, maskini. Machungwa yale tumewapa wagonjwa wengine.

Jana mchana, kabla barua haijaja, mdogo wetu Albano na Kondo walikuwa wanamwosha marehemu. Albano akatoka nje na beseni mkononi, kachanganyikiwa. Akasema, "Shemeji, dole lake la kushoto lina wino wa zambarau. Nimesugua hautoki, nilete sabuni ya magadi?" Sie wote hatukuelewa. Wifi akasema, "Hapo msipaguse. Sijui ni nini, lakini mume wangu hatii dole. Paacheni hivyo hivyo." Jioni barua ikaja, tukajua.

Jamani! Mtu hajui hata mkewe ni nani, wewe unamfunua shuka, unamshika kidole, unakichovya! Mtu aliyewafundisha watu arobaini na watatu wasitie dole! Ungeiba mashine zake zote ningekusamehe. Ungemwomba akiwa na akili zake angekuandikia jibu kwa mwandiko mzuri, na unalijua lingekuwa neno gani. Ndiyo maana ulingoja. Nina hasira, Baba Padri, na sitaungama hasira hii leo.

Marehemu ameacha mjane, Margareta. Watoto watatu, Gaudens, Mauwa na Fransis. Mama yetu Mauwa, ambaye ni mgonjwa Mwena na hajaambiwa bado. Wadogo zake wawili, mimi na Albano. Wanafunzi arobaini na watatu. Na kurasa mia mbili na kumi na mbili, ambazo zipo kwa yeyote anayezitaka, bila mnyororo.

Sasa tutamuaga. Kila mtu atapita mbele ya jeneza kama ilivyo desturi yetu. Mkono wa kulia tumeushikisha rozari. Wa kushoto tumeuweka juu, wazi. Kila atakayepita autazame vizuri, kama Polikarpo alivyofundishwa na baba yake kutazama. Ukishaona, nenda kwenye meza ya mzee Mwinshehe. Pana daftari lake marehemu lililobaki tupu. Andika ulichokiona, na chini yake andika jina lako kwa mkono wako. Mzee ameshasema wa kwanza ni yeye. Ndugu Kamugisha, katibu wa Kamati, yupo hapa. Tunamwomba naye apite, aone kwa macho yake, na daftari hilo, pamoja na cheti cha daktari, tutamletea wenyewe Jumatatu saa tatu asubuhi.

Na Bwana Leonardi apite. Hatumfukuzi mtu msibani. Kalamu zipo mezani, bwana, chagua unayoitaka. Wino wa dole hatukuleta.

Kaka yangu Polikarpo apumzike kwa amani. Haya, Albano, fungua jeneza.