Mwalimu wa Mapenzi ya Kiajemi Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Fasihi, Dkt. Rosebella Muhonja anastaafu tarehe 30 Juni. Tunamuaga tukiwa na furaha isiyofichika, na sababu yake mtaisoma hapa chini.

Alifika Kakamega akitoka masomoni Tehran, akiwa na masanduku mawili ya vitabu na kozi ambayo hakuna aliyeiomba: mapenzi katika ushairi wa nathari wa Kiajemi wa siku hizi. Wanafunzi walijiandikisha wakitarajia waridi na mishumaa. Wakakutana na wapenzi wanaomenya vitunguu, wanaogombania dirisha lifungwe au liachwe wazi, wanaoulizana kutoka ughaibuni kama mfereji wa jikoni bado unavuja. Hakuna vina, hakuna mizani. Dkt. Muhonja alishikilia kwamba mapenzi hukaa humo humo jikoni, na harusi mbili tunazozijua zilianzia darasani kwake.

Mwalimu Ignatius Wanjala, gwiji wetu wa tenzi, hakushawishika. Kila shairi ambalo Dkt. Muhonja alilibandika mlangoni pake, Ignatius alilihesabu mizani, kisha akaandika chini kwa kalamu nyekundu: "Hii ni insha imekatwa vipande." Kesho yake Dkt. Muhonja alibandika lingine, refu zaidi.

Mwezi Januari kamati ya mitaala ikaamua kwamba mwalimu akiondoka, kozi nayo iondoke, kwa kuwa hakuna wa kuifundisha. Ilimuuma sana Dkt. Muhonja. Ofisi alikuwa tayari kuiacha, kozi hapana. Akaomba jambo moja tu, wanakamati waje kwenye somo lake la mwisho.

Siku hiyo hakufundisha. Alimsimamisha Nasambu, mwanafunzi kutoka Kabras, asome shairi la nathari alilotunga mwenyewe. Katika shairi hilo, baba yake hukata miwa iliyochomwa, na kila jioni hurudi mweusi kwa masizi na kukuta mkewe amemwekea maji ya kuoga nyuma ya nyumba. Jioni ambayo kazi ilikosekana, baba alirudi msafi. Mama akamwekea maji yale yale, naye akaoga.

Mwalimu Ignatius, ambaye ni mwanakamati, akafuta miwani yake, akasimama.

"Mnipatie hiyo kozi," akasema. "Nikishindwa, ndio muiue."

Tulishangilia mpaka askari wa lango akaja kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo kozi iko hai! Itaanza upya Septemba, kwa tafsiri za Kiswahili alizotuachia Dkt. Muhonja. Ignatius kwa sasa anajifunza herufi za Kiajemi, na analalamika kila siku.

Daktari, tulipokuuliza zawadi unayotaka, tulifikiria seti ya makochi. Ukaomba kiti kimoja cha nyuma katika darasa la kwanza la Ignatius. Kimeshatengwa. Asante kwa kazi yako yote, na shamba lako la Buyangu likupe mapumziko matamu. Septemba njoo ukae, usikilize, na tafadhali usimsahihishe.