Kipaza, Sauti ya Kingo Mbili

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya kupima kimo cha maji ya mto wetu na wa jirani zetu, mpimaji mkuu wa Kamisheni ya Mto anastaafu. Jina lake la kwenye ajira ukilitaja hapa ofisini, watu watakuuliza ni nani huyo. Sisi tunamwita Kipaza.

Aliingia kazini akiwa kijana mwembamba (mnaocheka, chekeni tu). Mkataba wa nchi zetu mbili ulitaka kipimo kisihesabiwe mpaka wapimaji wa pande zote wakubaliane. Basi kila asubuhi yeye na mwenzake wa ng'ambo walipokezana kuvuka daraja, wakainama pamoja kwenye nguzo ya kupimia, wakabishana weee, kisha wakacheka. Waliitana shemeji, ingawa hakuna aliyemwoa dada wa mwenzake.

Ukaja ule mwaka wa ukame. Wakubwa wakatuhumiana wizi wa maji. Daraja likafungwa, na barua na simu baina ya ofisi zikapigwa marufuku. Bila kipimo cha pamoja bwawa la juu lisingefunguliwa, na mahindi ya kingo zote mbili yalikuwa yanakauka huku tunayaona. Kipaza akashuka pale mto unapobana, akaweka viganja mdomoni, akamwita shemeji yake. Shemeji akaitika. Tangu hapo kila mmoja alisoma nguzo ya kwao, wakapigiana kelele mpaka tarakimu zilingane. Siku moja zilikataa katakata, wakanuniana hadi mchana. Kumbe jirani mmoja alikuwa ameanika blanketi juu ya nguzo yetu, na Kipaza, kwa uvivu wa kuliondoa, alikuwa amekisia!

Mkurugenzi wa wakati ule alimwita akamtishia kumfukuza, naye ana watoto wadogo nyumbani. Kipaza akamjibu kwa heshima zote kwamba waraka umekataza kuvuka, kuandika na kupiga simu, lakini kuhusu kupiga kelele haukusema neno. Mkurugenzi akamwambia arudi kazini. Bwawa lilifunguliwa, mahindi yakapona. Wakubwa waliporudi mezani walibishania kila kitu isipokuwa tarakimu za maji.

Sauti yake tu ndiyo haikushuka tena. Mkewe analalamika kwamba hadi leo akiomba chumvi, mtaa mzima unajua mboga haijakolea.

Sasa mitambo inapima yenyewe na sisi tunatazama skrini. Ni rahisi, sikatai, ila nazikumbuka zile asubuhi na zinanitia simanzi. Wao wawili hawakuacha kuitana, kipimo kiwepo kisiwepo.

Juzi Kipaza alileta ombi lake la mwisho. Tulidhani anataka kile kiti chake cha kuzunguka. Anaomba aendelee kuruhusiwa kupita getini kushuka mtoni kila asubuhi, kwa kuwa shemeji yake amebakiza mwaka mmoja kazini, na akiita hatakuwapo wa kumwitikia.

Ahsante, Kipaza, kwa yote. Uwe na afya tele na raha ya wajukuu. Walinzi tumeshawaambia: asubuhi ukifika, wafungue geti.